Kutafuta Gari Atakaloingia Mama

Siku nilipokata shauri kwamba ni lazima tununue gari, mimi na mama mkwe wangu tulikuwa tumelowa chapachapa kando ya barabara. Bajaji iliyotuchukua kutoka nyumbani Lizaboni ilikuwa imeshaondoka. Dereva wake hakuwa mtu mbaya. Alijitahidi kadiri alivyoweza, lakini mvua ilikuwa inaingia kutoka pande zote, na Mama alikuwa ameteleza kwenye kiti mpaka magoti yake yakagota sakafuni. Kila nilipojaribu kumrudisha juu, bajaji iliyumba kama inataka kulala. Mwishowe tukamshusha, tukamkalisha kwenye baraza la duka lililokuwa limefungwa, dereva akaniomba radhi akaenda zake. Nikampigia mume wangu simu nikiwa pale pale barazani. Nikamwambia simpandishi mama yake kwenye bajaji tena, na kama hospitali haifikiki kwa njia nyingine, basi mazoezi yake ya viungo yameisha.

Sikusema kwa upole. Mama alikuwa ananisikia, na mkono wake ule ulio mzima ulikuwa umeshika gauni langu.

Maisha yake yote Mama aliishi Namtumbo, shambani, akilima tumbaku na mahindi. Alifiwa na mumewe mapema na akaendelea kulima peke yake. Halafu kiharusi kikamchukua upande wa kulia na sehemu kubwa ya maneno. Familia ikaamua aletwe kwetu Songea, apate mazoezi ya viungo kila wiki. Watoto wake wa kiume ni wawili: mume wangu, ambaye ndiye mdogo, na kaka yake mkubwa anayefanya kazi ya ofisini Dodoma. Sababu iliyotajwa ya kumleta kwetu ilikuwa kwamba nyumba yetu haina ngazi na shule ya sekondari ninayofundisha iko karibu. Sababu ambayo haikutajwa ni kwamba mimi ni mkwe, na kazi ya kumwogesha na kumgeuza ingekuwa yangu popote pale ambapo angewekwa.

Sikuikataa. Mama ni mtu ninayempenda. Nilifundishwa hospitali namna ya kumhamisha: tunatazamana, mkono wake shingoni kwangu, goti langu linazuia goti lake lililolegea, tunahesabu, tunanyanyuka pamoja, tunazunguka, anakaa. Kutoka kitandani hadi kwenye kiti cha magurudumu tunafanya hivyo vizuri kabisa, kwa sababu vyote viwili vinafika juu kidogo ya goti langu. Kitu kikiwa juu zaidi ya hapo, hakuna kuzunguka tena, ni kunyanyua. Na Mama ana mifupa mikubwa ya mtu aliyebeba mizigo miaka yote.

Kwa hiyo, lilipofika suala la gari, nilikuwa na swali moja tu: kiti chake kiko juu kiasi gani kutoka ardhini. Nilidhani ni swali ambalo mtu yeyote angelielewa.

Shemeji yangu wa Dodoma aliandika kwenye kundi la familia kwamba tununue noah. Kwetu jina hilo limekuwa la kila gari la familia lenye safu tatu za viti na mlango wa ubavuni unaoteleza, hata kama limetoka kiwanda kingine. Yeye ndiye angetoa sehemu kubwa ya fedha, hivyo neno lilikuwa lake. Tangu siku hiyo simu yangu haikutulia. Binamu waliokuwa hawajamtembelea Mama hata mara moja walituma picha za magari. Walibishana kuhusu injini ipi inakunywa mafuta na ipi inajikaza, kuhusu rangi isiyoonyesha vumbi, kuhusu herufi ya namba za usajili, kwa sababu namba D kwao lilikuwa gari la jana na namba E ndilo gari la mtu anayejiheshimu. Nikaandika mara moja kwamba tuangalie pia urefu wa kuingilia. Mtu mmoja akajibu kwa kidole gumba. Kisha wakaendelea na injini.

La kwanza tulilokwenda kuliona lilikuwa jeupe, limeegeshwa mjini kwenye kiwanja cha dalali mmoja, limeoshwa mpaka matairi yanang'aa. Namba E. Mume wangu alizunguka upande wa mbele, wakafungua boneti, wakainama pamoja na dalali. Mimi nikaenda kwenye mlango wa ubavuni, nikausukuma, nikasimama pale nikijipima. Sakafu ilinifika katikati ya paja. Kiti chenyewe kilinifika kiunoni. Nikajaribu kujiwazia nikiwa nimemkumbatia Mama na kumpandisha pale, nikaona tungeanguka wote wawili.

Nikamwuliza dalali kama ninaweza kumleta mgonjwa ajaribu kuingia. Akanitazama, kisha akamtazama mume wangu, kama vile jibu ni la yule mwingine.

"Mama, gari linajaribiwa na fundi," akasema. "Mgonjwa atalizoea."

Mume wangu akasema tutazungumza nyumbani. Hilo ndilo jibu lake kwa mambo yote yanayomkera. Nyumbani hatukuzungumza, kwa sababu kaka yake alipiga simu kuuliza gari likoje, na wakaongea mpaka chakula kikapoa.

La pili nililitafuta mwenyewe. Mwalimu mwenzangu alinielekeza kwa mama mmoja mstaafu aliyekuwa na gari la bluu, la zamani, alilokuwa analitumia kupeleka wajukuu shule. Nilipofika nyumbani kwake nikamwamkia, "Shikamoo, Mama," na kabla hata sijakaa nikamweleza hali yangu yote, maana nilikuwa nimechoka kueleza nusunusu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaenda kuchukua ufunguo, akaniambia tuongozane mpaka kwangu, mgonjwa akalijaribu nyumbani kwake bila haraka.

Gari lilikuwa la chini. Sakafu ilikuwa chini ya goti langu na kiti kilikuwa juu yake kidogo tu. Nikasogeza kiti cha magurudumu, tukatazamana na Mama, tukahesabu, tukanyanyuka, tukazunguka, akakaa. Nikainua miguu yake nikaiingiza. Ilikuwa imekwisha hivyo. Mama akashangaa. Akageuza kichwa akatazama dirisha, akakigusa kioo kwa vidole, akatabasamu kwa upande ule unaotabasamu. Yule mama mstaafu akatuzungusha mtaani, tukapita madukani, watu wakampungia mkono, naye akawa anawapungia.

Usiku ule nilimpigia shemeji mwenyewe. Nilimwamkia, nikamwambia gari limepatikana. Akauliza namba gani. Nikamwambia C. Akauliza injini ni ipi, nikamtajia kama mwenye gari alivyoniandikia. Akaanza kunieleza, kwa uvumilivu wa mtu anayemfundisha mtoto, kwamba injini ile vipuri vyake vimeadimika, kwamba gari la chini namna hiyo halifiki shambani Namtumbo wakati wa mvua, kwamba ukitaka kuliuza baadaye hulipatii mteja. Kila alichosema kilikuwa na ukweli ndani yake. Hicho ndicho kilichonikera zaidi. Nikamwambia lakini Mama ameingia bila shida, amekaa na ametabasamu.

"Shemeji," akasema, "hatununui kiti. Tunanunua gari."

Nilikaa na ile simu mkononi baada ya yeye kukata. Mume wangu alikuwa chumba cha pili, mlango ukiwa wazi, na nilijua amesikia. Aliendelea kutazama taarifa ya habari.

Wiki zilizofuata nilimpeleka Mama hospitali kwa kuazima magari ya watu, au sikumpeleka. Halafu mwalimu yule yule akanitumia picha kutoka Nakapanya, huko Tunduru, kwa mfanyabiashara aliyekuwa anauza noah yake. Sikuamini nilichoona. Lilikuwa moja ya yale magari yanayotengenezwa huko Japani kwa ajili ya wazee na walemavu. Kiti cha ubavuni kinageuka kuelekea mlangoni, kinatoka nje chenyewe, kinashuka mpaka chini, mtu anakaa, kinampandisha na kumrudisha ndani. Tena lilikuwa linavuta kwa magurudumu yote manne, kwa hiyo shemeji naye akaridhika. Mara ya kwanza tangu mvua ile, familia nzima ilikubaliana.

Tukapanda basi mimi na mume wangu, tukamwacha Mama na wifi yangu, binti yake aliyekuja kutusaidia siku hizo. Safari ni ndefu, na njia nzima nilikuwa naongea. Nilimweleza mume wangu jinsi tutakavyompeleka Mama shambani kwake, jinsi atakavyoshuka mwenyewe mbele ya majirani zake kwa kubonyeza kitufe. Aliniambia hajanisikia nikiongea hivyo muda mrefu.

Mwenyeji wetu alikuwa mzee mchangamfu mwenye duka kubwa kando ya barabara. Tulimwamkia, akatukaribisha kwa dua ya safari njema, akaagiza chai na vitumbua. Alikuwa amekaa barazani kwenye kiti kizuri cha rangi ya majivu, kina mikono ya kuegemea na pa kuwekea kichwa. Nikakitazama kile kiti huku chai ikimiminwa. Kwanza nilidhani ni kiti cha ofisini. Kisha nikaona mkanda wa usalama unaning'inia ubavuni.

Gari lilikuwa nyuma ya duka. Nikaenda haraka, nikaufungua mlango. Ndani palikuwa patupu kabisa nyuma ya dereva, sakafu imetandikwa mbao, magunia mawili ya korosho yameegemea ukutani. Yale maguu ya chuma yaliyokishika kiti yalikuwa yamekatwa kwa moto, na nyaya zimefungwa kwa utepe mweusi na kusukumiwa pembeni. Mzee alikuja nyuma yangu akaeleza bila wasiwasi wowote. Anakusanya mazao huko Namasakata, kiti kilikuwa kinakula nafasi ya magunia, na kile kitufe watoto walikuwa wanakichezea mpaka betri inakufa. Picha aliyotuma ni ya siku gari lilipofika kutoka bandarini. Hakuona kama amemdanganya mtu. Nilipomwambia tumekuja kwa ajili ya kile kiti, alisikitika kwa dhati.

"Basi kichukueni, binti yangu," akasema. "Sikiuzi. Nakupa bure."

Nilirudi barazani nikakaa kwenye kile kiti. Kilikuwa kizuri kweli, laini, kinamkumbatia mtu. Huku nyuma nikasikia injini inawashwa. Mume wangu alikuwa analijaribu gari. Alikuwa anasikiliza mlio, anauliza kuhusu mafuta. Nikatamani kulia, lakini mbele ya watu waliotupa chai nikaona haya.

Ndani ya basi la kurudi alisema kwamba bado si gari baya, fundi anaweza kuweka viti vya kawaida. Nikamwuliza kama amewahi, hata mara moja, kumpandisha mama yake popote. Akageukia dirishani.

"Kaka ndiye aliyenilea baba alipokufa," akasema. "Sijawahi kumkatalia kitu. Sijui nianzie wapi."

Alisema kweli, na ilinisaidia kumwelewa. Haikunisaidia kumnyanyua Mama.

Siku chache baadaye nikarudi kutoka shuleni nikakuta gari limeegeshwa uani. Lilikuwa lile jeupe. Shemeji alikuwa amezungumza na dalali moja kwa moja, wakamalizana. Majirani walikuwa wamesimama wakilisifu, na jirani mmoja aliniambia nimebarikiwa. Nilimshukuru. Nikaingia ndani, nikavua viatu, nikakaa kitandani kwa Mama. Akaonyesha dirishani kwa kidole akauliza kwa sauti yake ya kukwama ni gari la nani. Nikamwambia ni lake. Akatikisa kichwa kukataa.

Tulilitumia hivyo hivyo. Tuliweka kreti la soda kama ngazi, likapinduka. Tukaweka kigoda, Mama akashindwa kukanyaga. Mwishowe ikawa ni kumnyanyua: mume wangu kwapani, kijana wa jirani au muuza mkaa miguuni, mimi ndani ya gari nikivuta. Kanga yake ilikuwa inapanda. Nilimfunga mbili, nikamvalisha suruali ndani, bado alikuwa anafumba macho mpaka tumalize. Hospitali walituuliza kwa nini mkono wake ulio mzima una michubuko. Kisha asubuhi moja ya mazoezi akakataa kuvaa. Aligeukia ukutani. Wiki iliyofuata vile vile. Mguu aliokuwa ameanza kuukanyagia ukarudi kuwa mzito, na mimi nikawa nalitazama gari lile kila nikianika nguo, safi, refu, namba E.

Shemeji alikuja kwa Pasaka. Ni mtu mkarimu, sitaki aeleweke vibaya. Alimletea mama yake vitenge, alikaa naye jioni nzima akimsimulia habari za wajukuu. Asubuhi ya sikukuu sote tulivaa kwa ajili ya misa. Mama alikubali kwenda kwa sababu ya mtoto wake mkubwa. Nikamsukuma mpaka ubavuni mwa gari, nikafunga breki za kiti, nikasogea kando.

Shemeji alisubiri. Akauliza huwa inakuwaje.

"Leo mnyanyue wewe, shemeji," nikamwambia. "Mimi mgongo unaniuma."

Haikuwa uongo. Lakini pia nilitaka aone.

Akavua koti. Akainama, akamshika mama yake kiunoni kama mtu anayeogopa kuvunja kitu, akamnyanyua nusu, akakuta hajui miguu aifanyeje. Mume wangu akaja kusaidia. Wakamgeuza, bega lake likagonga ukingo wa mlango, kanga ya juu ikafunguka ikaanguka kwenye tope. Waliokuwa wanapita kwenda kanisani wakageuza nyuso kwa heshima. Hapo Mama akaongea. Ilikuwa muda mrefu hajatoa sentensi nzima. Alianza kwa Kingoni, akasema kitu kwa wanawe ambacho mimi sikukipata, kisha akakirudia kwa Kiswahili, polepole, kila neno likitafutwa.

"Mimi si robota la tumbaku."

Wakamrudisha kwenye kiti. Nikaokota kanga. Misa hatukwenda, isipokuwa watoto wetu na wifi aliyekuja kwa sikukuu. Shemeji alikaa barazani na shati lake jipya lenye tope, hakuingia ndani mpaka mchana. Kwenye mashamba ya kule kwao, yeye na mdogo wake walikuwa wakiyabeba yale marobota, mmoja huku mmoja kule, mama yao akiwaelekeza. Nadhani alijiona. Alipoingia aliniuliza lile gari la bluu liko wapi. Ilikuwa mara ya kwanza kuniuliza chochote.

Gari la bluu lilikuwa limeuzwa zamani. Tulikwenda naye mpaka kwa yule mama mstaafu kuhakikisha, na yule mama akasema mnunuzi alitoka Mbinga na hana simu yake. Ikabidi tuanze upya, safari hii katika siku mbili alizobakiza shemeji. Niliwapeleka wote wawili, na kila tulipofika nilisimama mlangoni nikawaonyesha goti langu. Dalali yule yule alilichukua tena lile jeupe kwa furaha ya mtu anayepata mara mbili, akatupa la kijivu lililochujuka rangi, lenye mlango unaoteleza kwa kusukumwa kwa bega, na kiyoyozi kisichofanya kazi. Mama aliletwa, akajaribu, akaingia. Dalali hakusema neno kuhusu fundi. Kwenye kundi la familia hakuna aliyeomba picha.

Na bado silipendi gari hili. Limekuwa kwa mafundi mara nyingi kuliko ninavyotaka kukumbuka. Shemeji alisema kweli kuhusu vipuri, na alisema kweli kuhusu barabara: kiangazi tulifika shambani Namtumbo, Mama akashuka, akakaa kwenye kiti chake ukingoni mwa mahindi yaliyovunwa na watu wengine, akabaki hapo mpaka jua likawa kali. Mvua zilipoanza tulijaribu tena, tukakwama mara tu tulipoiacha lami, tumbo la gari limelala kwenye tope, tukavutwa na trekta kurudi nyuma. Alilia njia nzima, bila sauti. Linaloingilika halifiki, na linalofika haliingiliki.

Mazoezi hayakosi. Mguu umeanza tena kukanyaga. Alasiri nikirudi shuleni ananiomba nimtoe nje, nimweke ndani ya gari likiwa limeegeshwa tu pale uani, mlango wazi, anatazama watu wanaopita mtaani na anafungulia redio. Mimi nakaa kando yake kwenye kigoda nikisahihisha madaftari. Nimemwambia mara nyingi azime redio akimaliza. Anaitikia. Jana asubuhi, siku ya hospitali, nilipogeuza ufunguo gari likakohoa likanyamaza, betri imekwisha, na ikabidi nimwamshe jirani aje atusukume.